Mlo wa Zamu: Mwongozo wa Kula kwenye Mgahawa wa Kiitaliano Mjini Kampala

Ukiingia kwenye kibanda cha chakula Wandegeya au Nakawa, utaulizwa mambo mawili: chakula gani, na mchuzi gani. Chakula ni matooke, posho, wali au viazi. Mchuzi ni maharage, nyama, karanga au samaki. Vyote vinapakuliwa sahani moja, vinarundikwa, na kazi imekwisha. Mgahawa unaopika Kiitaliano hasa haufuati mpango huo. Mlo wake unakuja kwa zamu: sahani moja inaliwa, inaondolewa, ndipo nyingine inaletwa. Malalamiko mengi yanayosikika mezani, kwamba tambi zilikuwa chache, nyama ililetwa peke yake, pizza ilikuwa na majimaji katikati, bili ilipanda ghafla, yanatokana na kuagiza mlo wa zamu kwa mazoea ya sahani moja. Ukishaielewa zamu, pesa ile ile inakulisha vizuri zaidi.

## Kabla hujatoka nyumbani

Piga simu uweke nafasi. Ijumaa na Jumamosi jioni meza nzuri huisha mapema, na mvua ikishuka saa 11 jioni foleni ya Jinja Road inaweza kukushika saa nzima. Omba meza ya saa 1 jioni badala ya saa 2 au 3. Saa 1 jikoni bado kumetulia, na mpishi ana nafasi ya kukuchemshia tambi zako mwanzo hadi mwisho. Meza zikishajaa, jiko lolote lenye watu wachache huanza kutumia tambi zilizochemshwa nusu mapema, na tofauti utaiona kwenye uma. Kama utakaa barazani, chukua sweta; vilima vya Kololo na Muyenga hupoa usiku, na mbu nao wana saa zao.

Kwenye simu hiyo hiyo uliza mambo matatu. Kwanza, tanuri la pizza ni la kuni, na linawashwa saa ngapi? Tanuri la matofali huhitaji saa mbili au zaidi kushika joto sawasawa, kwa hiyo pizza iliyoingizwa kabla tanuri halijaiva hukauka kama biskuti. Pili, bei za menyu zimeshajumlisha VAT au bado? Tatu, ikiwa kati yenu yupo asiyekula nguruwe, asiyetumia pombe au anayedhurika na karanga, korosho na jamii zake, jikoni wanaweza kumtengea chakula chake? Swali hili la tatu lina uzito zaidi likiulizwa mapema, maana baadhi ya michuzi ya Kiitaliano hupikwa asubuhi kwenye sufuria moja kubwa, na jioni hakuna tena namna ya kutoa kilichokwisha kuingia.

Ishara ya kwanza ya jiko linalojua kazi yake ni menyu fupi. Ukikuta pizza, biriani, tambi za Kichina, chipsi kuku na sambusa kwenye kurasa 14, elewa kwamba friza inafanya kazi kubwa kuliko mpishi. Ishara ya pili ni ubao wenye vyakula viwili vitatu vya siku hiyo: mtu ameenda sokoni asubuhi, akaona kilicho kizuri, akakipika.

## Kuisoma menyu bila kubabaika

Msemaji wa Kiswahili anaanza na faida. Irabu za Kiitaliano zinakaribiana sana na zetu, a e i o u, na mkazo mara nyingi hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Kinachobaki ni herufi chache. Ch inasomwa k: bruschetta ni "brusketa", Chianti ni "Kianti". C ikifuatwa na e au i inasomwa ch: ciabatta ni "chabata". Gn ni ny yetu: gnocchi ni "nyoki", lasagne ni "lazanye". Gli ni "lyi": tagliatelle ni "talyatele". Sc ikifuatwa na e au i ni sh: prosciutto ni "proshuto". Z mbili mara nyingi ni "ts", ndiyo maana pizza ni "pitsa". Konsonanti ikiandikwa mara mbili, ivute kidogo. Usiharakishe n mbili za penne, maana kwa n moja neno hilo linataja kiungo cha mwanamume.

Menyu yenyewe imepangwa kwa zamu. Antipasti ni vya kufungulia hamu: mkate uliochomwa na kupakwa nyanya (bruschetta), vipande vya nyama iliyokaushwa, bilinganya, jibini. Primi ni zamu ya kwanza hasa: tambi, risotto (wali wa kukorogwa), gnocchi (vidonge laini vya viazi), supu. Secondi ni nyama au samaki. Contorni ni mboga na viazi vya pembeni, navyo huagizwa na kulipiwa peke yake. Hapa ndipo wengi hujikwaa: unaagiza kuku, analetwa kuku mtupu kwenye sahani nyeupe. Hajasahau mtu. Hukuagiza contorno. Dolci ni vitamu vya mwisho. Pizza mara nyingi ina ukurasa wake, kwa sababu ni mlo kamili na haiingii kwenye foleni hii.

Maneno mawili yanastahili tahadhari. Peperoni kwa Kiitaliano ni pilipili hoho, si soseji. Mgahawa unaofuata lugha yake utakuletea pizza ya hoho. Ukitaka ya soseji kali, tafuta "salame piccante" au "diavola". Na latte ni maziwa matupu. Ukitaka kahawa yenye maziwa, sema "caffè latte" au "cappuccino".

Polenta isikutishe, ni ndugu wa posho. Ni unga wa mahindi, kwa kawaida wa njano, unaosongwa taratibu kwa dakika 40 au zaidi na kuachwa laini kuliko posho yetu, halafu humwagiwa mchuzi wa nyama au uyoga. Mzee aliyeletwa na watoto wake na haoni cha kula kwenye menyu, muagizieni polenta na nyama ya kuchemka muda mrefu. Atashiba na atatulia.

## Hesabu ya kuagiza

Zamu zote nne kwa kila mtu ni chakula cha harusi. Hata Waitaliano wenyewe siku za kawaida hawali hivyo. Watu wawili wenye njaa ya kawaida watosheke na antipasto moja ya kugawana, primi mbili, kisha secondo moja na contorno moja katikati ya meza. Wenye njaa ndogo waache secondo, wamalizie na kitamu kimoja na vijiko viwili. Watu sita waagize antipasti tatu, primi sita, secondi mbili au tatu.

Mkila pizza, kila mtu na yake, na antipasto ndogo mbele. Usiagize tambi na pizza kwa mtu mmoja. Ni unga juu ya unga, na nusu ya moja itarudi jikoni.

Primo ina gramu 80 hadi 100 za tambi kavu. Kwa macho yaliyozoea sahani ya matooke hiyo ni kidogo, lakini imepimwa hivyo ikihesabu kwamba kuna sahani nyingine nyuma yake. Kama unataka primo pekee iwe ndiyo mlo wako wote, mwambie weita: "Nitakula hii tu, niongezee kidogo." Migahawa mingine inakubali kwa nyongeza ya bei.

Sasa jambo linaloharibu jioni kuliko yote. Jikoni kwa kawaida hutoa chakula kinapoiva. Ukitaja kila kitu kwa mkupuo, kuku atafika ukiwa bado na bruschetta mkononi, na tambi zitapoa pembeni. Njia salama ni kuagiza antipasti na primi kwanza, kisha kusema wazi: "Secondo tutaagiza tukimaliza hizi." Mkiwa na watoto au mtu mwenye haraka, geuza: "Leteni vyote pamoja." Chagua moja na umwambie weita kwa sauti, ssebo au nnyabo (bwana au bibi) mbele, kwa upole. Si weita wote wa Kampala walio starehe na Kiswahili, kwa hiyo unapotaja chakula weka kidole kwenye neno lenyewe la menyu ili msielewane vibaya. Mlo kamili wa zamu tatu utachukua saa moja na nusu hadi mbili. Usiupange kabla ya basi la saa 3 usiku.

## Nguruwe na mvinyo vinapojificha

Kwa Mwislamu, au yeyote mwenye mwiko, menyu ya Kiitaliano ina mitego kwa sababu nyama ya nguruwe hutumika kama kiungo cha kukoleza, si kama kitoweo. Haionekani kwenye jina la chakula. Shika maneno haya: maiale ni nguruwe mwenyewe, prosciutto ni paja lake lililokaushwa, guanciale ni shavu, pancetta ni tumbo, speck, mortadella, salame, 'nduja na porchetta ni yeye pia, na salsiccia kwa kawaida ni soseji yake. Strutto na lardo ni mafuta yake, na strutto huweza kuingia kwenye mikate kama piadina. Bresaola ndiyo ya ng'ombe, ingawa mara nyingine huwekwa mvinyo wakati wa kuitia chumvi.

Tambi za carbonara na za amatriciana zote mbili hutiwa guanciale. Na ragù ya Bologna, mchuzi wa nyama ya kusaga ambao watu huiona ni ya ng'ombe tu, ina pancetta na mvinyo kwenye mapishi yaliyosajiliwa mwaka 1982 na chuo cha upishi cha Italia katika chemba ya biashara ya Bologna. Jikoni za Kampala nyingi huipika kwa ng'ombe pekee, lakini usikisie, uliza. Lasagne hubeba ragù hiyo hiyo.

Mvinyo nao unaingia kimyakimya. Risotto karibu zote huanza kwa glasi ya mvinyo mweupe kwenye mchele wa moto. Ossobuco na brasato, nyama za kuchemka muda mrefu, na kuku wa cacciatora hupikwa nao. Kwenye vitamu, tiramisù mara nyingi hutiwa marsala (mvinyo mtamu) au ramu, babà hulowekwa kwenye ramu, na panna cotta hugandishwa kwa jelatini ambayo huenda ni ya nguruwe.

Uliza kwa kutaja kitu, si kwa jumla. "Hii ni halali?" humfanya weita ajibu ndiyo kwa kuwa amezoea kukuridhisha. "Ndani ya mchuzi huu kuna nguruwe au mvinyo? Nisaidie kumuuliza mpishi" humpeleka jikoni. Uliza pia kama koleo la pizza na kisu cha kukatia vinatumika kwa zote. Kwenye tanuri moja, jibu la kawaida ni ndiyo, kisha uamuzi ni wako.

Vilivyo salama kwa asili yake ni pizza marinara (nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, bila jibini hata kidogo), margherita (nyanya, mozzarella na basil), tambi za aglio, olio e peperoncino (kitunguu saumu, mafuta na pilipili), za pomodoro (nyanya), arrabbiata yenye pilipili, na norma ya bilinganya. Marinara inawafaa pia wanaofunga Kwaresima kwa kuacha maziwa na mayai. Asiyekula nyama ajue kwamba Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Anayedhurika na njugu aepuke pesto, mchuzi wa majani ya basil: ina njugu za msonobari, na zikikosekana, korosho huchukua nafasi yake.

## Tambi zikifika mezani

Kwetu mchuzi ndio utamu na chakula ni cha kuubeba. Kwa Mwitaliano ni kinyume: tambi ndizo chakula, mchuzi ni nguo yake. Kwa hiyo usitafute ziwa la mchuzi. Sahani iliyopikwa vizuri ina tambi zinazong'aa, kila uzi umevikwa, na chini hakuna maji yaliyojitenga. Hilo hupatikana mpishi anapozitoa tambi majini dakika moja au mbili kabla hazijaiva, akazimalizia kwenye kikaango cha mchuzi pamoja na vijiko vichache vya maji yale yale ya kuchemshia. Wanga ulio kwenye maji hayo hushikanisha mafuta na nyanya. Ukiona pete ya maji mekundu kuzunguka sahani, mpishi alimwaga mchuzi juu ya tambi na kuacha hapo.

Kisha kata uzi mmoja kwa meno na uangalie ulipokatika. Al dente sahihi ni tambi iliyoiva inayopinga jino kidogo, pengine na nukta hafifu, nyeupe, ndogo kama ncha ya pini. Kiini cheupe kikubwa chenye ladha ya unga ni tambi mbichi, irudishe. Tambi inayovunjika ulimini bila kutafunwa imepita wakati, na haiwezi kurudi nyuma, omba nyingine. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Tambi zinachelewa kidogo kuiva kuliko pakiti inavyosema, na mpishi anayefuata saa ya pakiti bila kuonja hutoa mbichi. Kama wewe unazipenda laini, sema wakati wa kuagiza: "Zichemshwe zaidi kidogo." Si aibu.

Tambi kavu huchemka dakika 8 hadi 12, na mpishi wa kweli anaanza saa hiyo baada ya agizo lako. Zikifika dakika 4 baada ya kuagiza, labda zilichemshwa mchana. Ila tambi za mayai zisizokaushwa, kama tagliatelle, huiva kwa dakika 2 hadi 4, usizilaumu bure. Risotto inahitaji dakika 16 hadi 20 za kukorogwa. Ukiinamisha sahani kidogo inapaswa kutiririka taratibu kama uji mzito. Ikisimama kama kisiki, imechelewa kuletwa.

Kuzikunja: usichote lundo. Ingiza uma pembeni, chukua nyuzi tatu au nne, telezesha hadi ukingo wa sahani ulio mtupu, bonyeza ncha za uma chini na uzungushe. Nyuzi zitajifunga bonge dogo la mdomo mmoja. Ukianzia katikati, uma utavuta sahani nzima. Usizikate kwa kisu, na kijiko cha kusaidia hakihitajiki. Mchuzi ukibaki, ufute kwa kipande cha mkate; Waitaliano wanaifanya hivyo nyumbani na kwenye migahawa ya kirafiki, na wana neno lake: scarpetta. Mkate wa mezani ndiyo kazi yake hiyo, kwa hiyo usiumalize kabla chakula hakijafika.

Carbonara inahitaji neno la ziada, kwa kuwa ndiyo inayorudishwa kimakosa zaidi. Ni viini vya mayai, jibini la pecorino, guanciale na pilipili manga. Haina krimu. Rangi yake ni ya njano, na ulaini wake unatokana na yai lililoiva nusu kwa joto la tambi zenyewe. Ikiwa na vipande vya yai kama vile vya ndani ya rolex (chapati iliyokunjwa na mayai), kikaango kilikuwa motoni yai lilipotiwa, na hapo una haki ya kulalamika. Mjamzito aiache, na tiramisù pia, kwa sababu ya yai lisiloiva.

Jibini la kunyunyiza: pokea kwa michuzi ya nyanya, nyama na siagi. Kwa tambi za samaki au kome, acha, maana hufunika ladha ya bahari. Hata hivyo, Kampala haina bahari, na kome, kamba na ngisi kwa kawaida hufika wakiwa wamegandishwa. Mgahawa ukiwa na sangara au ngege wa leo aliyepikwa kwa limau, nyanya na zeituni, huyo ndiye samaki wa kuagiza.

## Pizza ya Napoli na ile "mbichi" katikati

Ufundi wa pizza wa Napoli uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2017, na kanuni zake ni za vipimo. Donge la unga lenye gramu 250 hivi huachwa liumuke saa 8 au zaidi, hutandazwa kwa mikono hadi upana usiozidi sentimita 35, kisha huingia kwenye tanuri la kuni lenye nyuzi 430 hadi 485. Hukaa humo sekunde 60 hadi 90 tu.

Kwa muda mfupi hivyo, nyanya na jibini haziwahi kukauka. Ndiyo maana katikati huwa laini, yenye unyevu, na kipande kikiinuliwa ncha huinama. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Madoa meusi kwenye ukingo, kama ya ngozi ya chui, nayo ni ya kawaida.

Jinsi ya kujua iliyoharibika: kata ukingo na uutazame ubavuni. Unapaswa kuona mashimo makubwa na madogo, kama sifongo, na unga uliokauka. Ukiona mstari mweupe mzito unaong'aa chini ya jibini, kama posho isiyoiva, huo ni unga mbichi. Sababu huwa moja kati ya tatu: unga haukuumuka vya kutosha, sakafu ya tanuri ilipoa kwa kupika pizza mfululizo, au vitu vilirundikwa juu mno. Sasa inua pizza kwa kisu na tazama chini. Madoa madogo ni sawa. Ikiwa kote ni nyeusi na kuna uchungu mdomoni, unga mkavu wa kutandazia ulibaki ukaungua. Dimbwi la maji ya maziwa linamaanisha mozzarella haikuachwa ichuje maji. Zote hizo, mwite weita mara moja, kabla hujala robo.

Agiza margherita mara ya kwanza katika mgahawa wowote. Ina vitu vichache, hakuna cha kufichia kosa, na kwa kawaida ni kati ya zile za bei ndogo. Pizza huletwa bila kukatwa. Kata mwenyewe kwa kisu na uma, ukianzia katikati ambako kunapoa upesi, au kunja kipande mara mbili ule kwa mkono. Mkitaka kugawana, omba ikatwe jikoni.

## Nyama, maji, kahawa

Bei ya bistecca alla fiorentina, pande nene la nyama ya ng'ombe la kuchoma, huandikwa kwa gramu 100, si kwa sahani. Tuseme menyu inasema 15,000: pande lenye kilo 1.2 ni shilingi 180,000. Mwombe weita alipime na kukutajia bei kabla halijawekwa motoni. Nyama hii huliwa ikiwa nyekundu na yenye damu ndani. Ukiitaka imeiva kabisa itakuwa ngumu kama ukanda. Mpenda nyama iliyolainika achukue ossobuco au nyama nyingine ya kuchemka muda mrefu. Samaki mzima naye mara nyingi hupimwa, uliza vivyo hivyo.

Maji: naturale ni ya kawaida, frizzante yana gesi. Chupa ifunguliwe mbele yako. Wanywaji wa mvinyo wakiwa wawili, robo lita au nusu lita ya mvinyo wa nyumba, ikiwepo, ni nafuu kuliko chupa.

Kahawa huja baada ya kitamu, si pamoja nacho. Espresso ni mililita 25 hivi, na juu iwe na povu la rangi ya kahawia linalokaa. Povu hilo zito hutokana kwa sehemu kubwa na robusta, kahawa ambayo asili yake ni misitu ya huku kwetu; Italia imekuwa mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Uganda kwa miaka mingi, na kuna uwezekano kikombe chako kimetoka Masaka. Cappuccino Waitaliano huinywa asubuhi, kwa kuwa maziwa mengi juu ya tumbo lililojaa huwalemea. Hapa hakuna atakayekukatalia.

## Bili na mabaki

Soma mstari wa chini wa menyu kabla ya kuagiza. Tuseme mmekula antipasto ya 30,000, tambi mbili za 40,000 kila moja na maji ya 5,000. Jumla ni 115,000. Kama VAT ya asilimia 18 haikujumlishwa, inaongezeka 20,700. Mgahawa ukitoza huduma ya asilimia 10, ongeza 11,500. Utalipa 147,200. Palipo na tozo ya huduma, huna deni la bakshishi. Pasipo nayo, asilimia 5 hadi 10 mkononi mwa weita ni heshima nzuri. Hesabu sahani moja moja, hasa mkate na maji ambayo hukuomba, kisha omba risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato. Ukilipa kwa simu, subiri ujumbe wa kuthibitisha ufike kwa weita pia kabla hujasimama.

Mabaki yafungiwe. Tambi usizihangaikie, kesho zitakuwa bonge. Risotto itandaze kwenye kikaango chenye siagi kidogo, ibonyeze iwe kama chapati na uigeuze ikishika rangi. Milano wanaiita riso al salto. Pizza usiipashe kwa maikrowevu, ukingo utakuwa mpira. Iweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 3. Dondosha matone machache ya maji pembeni, si juu yake, funika dakika moja, na jibini litalegea huku chini kukibaki kukavu.